Adui wa Saileji Yako Ni Lile Shimo Dogo

Wakulima wa Kikima, leo nitawaudhi kidogo. Mnajua kukata mahindi, mnajua kushindilia, mnajua kufunga nailoni ikakaza. Halafu mnaenda kulala eti kazi imeisha. Imeisha wapi? Panya ndiyo kwanza anaanza yake.

Tuelewane. Plastiki peke yake haifanyi kitu. Saileji hukaa kwa sababu hewa imezuiwa, bakteria wakatengeneza asidi inayohifadhi majani. Panya akitoboa, kuku akidonoa, mbuzi akichoma na pembe, hewa inarudi na kuvu inaanza. Shimo la kidole leo, baada ya wiki kadhaa ni debe zima la uozo.

Najua mtaniambia, "Iliyooza ni kidogo tu, ng'ombe atakula." Hapo ndipo tunakosana. Kuna kuvu zinazotoa aflatoksini, na ng'ombe akiila, sehemu yake hutokea kwa maziwa. Hayo maziwa unampa mtoto na kumuuzia jirani. Sisi wa Makueni na Kitui tungekuwa wa mwisho kufanyia hilo neno mzaha. Mwaka 2004, mahindi yenye aflatoksini yaliua watu 125 upande huu wa nchi. Yale yalikuwa mahindi ya ugali, sawa, lakini kuvu haichagui chakula cha nani.

Na wewe unayekimbilia sumu ya panya, paka wako akimla huyo panya utabaki na nini? Bundi naye unampiga mawe eti analeta kifo, kumbe kila usiku anakulindia boma bure.

Dawa yenyewe si ya matajiri. Fyeka nyasi zote kando ya marobota, panya hapendi kuvuka mahali wazi. Usiyapange karibu na ghala la mahindi. Acha nafasi paka apite katikati. Zungushia ua, kuku na mbuzi wabaki nje. Kagua kila wiki, na ukipata shimo liziбe siku hiyo hiyo kwa tepu pana ya saileji, si selotepu ya ofisi inayobanduka juani. Iliyoota kuvu, tupa mbali na mifugo.

Oktoba ikifika na vilima vya Mbooni vimekauka, hakuna atakayeuliza ulifunga marobota mangapi. Ng'ombe anataka yale yaliyobaki mazima.