Maksi Zikishuka, Usiifiche Transkripti



Kila matokeo ya semesta yakitoka, kuna kijana hapa Bamburi anayezima simu. Ameanguka yuniti mbili, nyumbani hajasema, na fomu ya basari iko chini ya godoro. Leo tunaongea na wewe.

Mimi nimepita huko. Mwaka wa pili wa diploma nilikuwa na kibarua cha usiku hotelini, asubuhi niko darasani nasinzia. Nikaanguka. Fomu ya basari ilitaka nakala ya matokeo, nikaona haya, sikuirudisha. Hakuna aliyeninyima zile pesa. Nilijinyima mwenyewe, na mamangu akaenda kukopa kwenye chama bila kujua kwa nini.

Hebu tuzielewe pesa zenyewe. HELB hutazama hali ya nyumbani kwenu, haigawi mikopo kwa kushindanisha maksi. Inachotaka ni uwe mwanafunzi aliyesajiliwa, na uombe upya kila mwaka wa masomo. Kwa hivyo kuanguka yuniti moja si mwisho: unakaa sapu, unaendelea. Hatari ni ukiambiwa urudie mwaka mzima, au ukitoroka kimyakimya. Pesa za mwaka wa kurudia usizitie kwenye hesabu kabla hujauliza. Dawati lao liko Huduma Centre mjini Mombasa. Na mkopo ulioshautumia ni deni lako, umalize kozi usimalize.

Basari ni jambo jingine. Kamati, iwe ya CDF au ya kaunti, kwa kawaida hutaka kuona matokeo, na wafadhili wengine huweka alama ambayo ukishuka chini yake umetoka. Na wengi wetu hawagusi HELB kwa sababu ya ile riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Huyo anayeikimbia riba ndiye transkripti mbaya inamuumiza zaidi, maana basari ndiyo mlango wake pekee.

Basi peleka transkripti ilivyo, pamoja na barua ya ukurasa mmoja. Sema kilichotokea, sema unakaa sapu lini, ambatanisha ushahidi: karatasi ya hospitali, kibali cha mazishi, barua ya chifu au ya imamu anayekujua. Usipambe. Na usibadilishe hata alama moja kwenye nakala; chuo kikiulizwa, hapo utakuwa umepoteza basari na pengine chuo chenyewe.

Kama huwezi kuendelea kwa sasa, labda umeugua, umejifungua, au mzazi amefariki, omba kuahirisha masomo kwa maandishi na uondoke na barua yenye muhuri. Aliyeahirisha na aliyetoroka wanakaa nyumbani miezi ileile, lakini siku ya kurudi mmoja ana karatasi na mwingine ana hadithi.

Halafu kuna ile nafasi tupu kwenye transkripti. Mtihani ulifanya, maksi hazipo, na kila ofisi inakwambia "njoo wiki ijayo". Hilo si kosa lako, usilichukulie kama mtihani ulioanguka. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inakupa haki ya kurekebishiwa taarifa isiyo sahihi inayokuathiri. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi unapokuumiza. Kwa chuo cha umma, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inataka ombi lako lijibiwe ndani ya siku 21. Andika kwa mkuu wa idara, nakala kwa msajili, taja yuniti, tarehe ya mtihani na nambari yako ya usajili. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Siku zikipita kimya, malalamiko hupelekwa kwa Ombudsman, na huhitaji wakili. Wakati huohuo, barua hiyo yenye muhuri iambatanishe na fomu ya basari, kamati ione kwamba pengo lile si lako.

Dada zetu, tunajua nyinyi mkianguka mara moja kuna mjomba anayeanza kuzungumzia ndoa. Mwambieni mama mapema, kabla mjomba hajasikia.

Kama barua imekushinda, tutumie ujumbe hapa ukurasani, uandike tu yuniti ngapi na fomu inafungwa lini. Tutakaa tuiandike pamoja. Transkripti njoo nayo, hata iwe na E tatu.