Piano ya zamani ao ya sasa? Tunabishana bure

Kila pahali wapiga piano wa makanisa na wa ndoa wanakutana hapa Lubumbashi, mabishano ni yale yale. Wamoja wanasema: piano ya ritimu ya zamani njo ilikuwa na sauti ya kweli. Wengine wanawacheka: bwana, nani angali anatembea na disketi? Sisi tunasema wote wawili wanapiga pembeni ya ngoma.

Tuangalie vyombo vyenyewe. Yamaha PSR-2000 ilitoka mwaka 2001. Ilitunza kazi kwa disketi ya 1,44 MB, kitu ambacho vumbi ya kiangazi inaharibu upesi. PSR-SX900 ya mwaka 2019 inatumia kle USB, unaiamuru kwa kidole kwenye kioo, na gitaa na bateri yake zinasikilika safi zaidi. Anayekataa hayo anadanganya masikio yake. Lakini neno kubwa ni hili: zote mbili zinaruhusu mpigaji kujitengenezea ritimu yake kwa njia nane: mbili za ngoma, moja ya besi, tano za akordi na za kujaza. Mlango uko wazi tangu zamani. Nani anaupitia?

Wakati ule kiwanda kilituletea valsi, bossa nova na disko. Mwenye kutaka mchezo wa kwetu alikaa usiku akiuingiza pigo kwa pigo. Leo ritimu inanakiliwa toka kle moja mpaka ingine: kwaya kumi, seben moja! Hayo si maendeleo hata kidogo. Ni uvivu wenye bei kali.

Mwaka 2021 Unesco iliandika rumba ya Kongo mbili katika urithi usioshikika wa wanadamu. Tulishangilia mingi. Lakini seben ni mazungumuzo: gitaa inauliza, bateri inajibu, atalaku anaamsha wachezaji. Mashini inarudia mistari yake bila kusikia mtu. Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimurekodi mwaka 1952, alikuwa na gitaa moja tu, na vidole vyake vilibeba besi na wimbo pamoja. Hakuazima mkono wa kiwanda.

Tena, piano hizi zinakubali kupandisha na kushusha kila noti kidogo kidogo. Wapigaji wa Kiarabu wanatumia nguvu hiyo, na Yamaha inawatengenezea aina yao, PSR-A. Sisi wenye madimba na likembe, ambazo hazifuate ngazi ya piano ya Ulaya, tunangojea nani?

Basi, viongozi wa kwaya na wa orkestre, mbele ya kuchanga makuta ya piano mupya, muiteni mzee mpiga ngoma. Akae pembeni ya kijana wa piano, apige, kijana aingize ndani ya mashini. Na siku ya ndoa, huyo mzee asiachwe nyumbani juu mashini inajua kupiga kama yeye. Inajua tu kile alichoifundisha.