Gesi Ni Yetu, Baridi Ni ya Nani?

Wasee, kila mara heliamu ya Rukwa, Tanzania, ikitajwa, nasikia wimbo ule ule: "Afrika Mashariki tumeomoka!" Imekuwa hivyo tangu 2016. Manze, tumeomoka na nini? Gesi ya baluni?

Pesa iko kwa baridi. Sumaku ya MRI, ile mashine ya kupiga picha ndani ya mwili, hupozwa na heliamu iliyogeuzwa kimiminika: digrii 269 chini ya sifuri. Friji ya kawaida haifiki huko. Na heliamu ni kaidi. Ukiigandamiza kisha uiachilie kwa valvu tu, ikiwa na joto la kawaida la chumba, inapata joto badala ya kupoa! Kwa hivyo lazima uifanyishe kazi. Unaifanya izungushe kagurudumu ka sentimita chache, zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Gesi inatoa nguvu, inapoa. Hiyo ndiyo turbini ya upanuzi. Shafti zake nyingi huelea juu ya gesi tupu, maana tone la mafuta likiingia linaganda na kuziba njia.

Najua mtasema, "Si tutanunua tu?" Hapo ndipo tunaponaswa. Olkaria tunazungusha turbini za mvuke tangu 1981. Turbini zenyewe? Tuliagiza. Miaka arobaini na kitu tunazungusha vya wenyewe!

Na msiniambie ni uchawi. Pyotr Kapitza, Cambridge 1934, alianza na pistoni, si turbini. Wahandisi wa India kule BARC, Mumbai, walitengeneza turbini zao wenyewe hadi zikageuza heliamu kimiminika. Hawakuzaliwa wakijua.

Sisemi Kariobangi ichonge ya heliamu kesho. Kwa kasi hiyo, kosa dogo kuliko unene wa unywele linatosha kuharibu shafti. Nasema vyuo vyetu vianze na turbini ndogo ya hewa. Ivunjike, ichongwe tena. Wanafunzi wa uhandisi wapewe mashine za kuchonga chuma na bajeti, si kunakili ripoti za mwaka jana.

Bila hivyo tutauza gesi kwa bei ya gesi, tuinunue tena kwa bei ya baridi, na mgonjwa aliye kwa foleni ya MRI ndiye atalipa.

Nyinyi mko sawa na hiyo? Mimi siko.