Klachi Ngumu Si Uzee wa Gari

Nitasema wazi tangu mwanzo: fundi anayekuambia "magari ya zamani ndivyo yalivyo" hajakupa jibu. Amekataa kazi, halafu amekutoza pesa.

Baba yangu ana Datsun 240Z ya 1972. Wapenzi wa Safari Rally wanalijua gari hili. Edgar Herrmann alishinda nalo 1971, na Shekhar Mehta akashinda nalo 1973. La Baba lilikaa miaka mingi chini ya mabati kwetu Malili, hadi mwaka jana tukalipeleka gereji moja Nairobi lifufuliwe. Likarudi linameremeta. Rangi safi, viti vipya, injini inanguruma vizuri. Lakini klachi, jamani! Kukanyaga pedeli ilikuwa kama kusukuma mkokoteni wa mahindi kwa mguu mmoja.

Baba ana goti bovu. Siku moja alikwama kwenye foleni ya Mlolongo, kanyaga, achia, kanyaga, achia, akafika nyumbani anachechemea. Akaniambia, "Mwanangu, uza hili gari. Limenishinda." Hilo ni gari alilokuwa akiendesha kabla mimi sijazaliwa!

Tukarudi gereji. Wakabadilisha presha pleti, tukalipa, na klachi ikabaki ngumu vilevile. Tulipolalamika ndipo tukapewa ile sentensi: ndivyo yalivyo.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, magari ni mapenzi tu. Lakini kazi hiyo imenifunza jambo moja: usibadilishe kitu kabla hujapima. Programu ikiwa nzito, asiyejua hukimbilia kununua kompyuta kubwa zaidi. Anayejua huikagua kipande kwa kipande mpaka apate kile kinachochelewesha vingine. Klachi nayo ni mnyororo wa vipande: pedeli, masta silinda, mpira wa mafuta, silinda ya chini, uma, beringi, presha pleti. Uzito unaingia mahali fulani. Tafuta mahali hapo!

Nilichukua mizani ya kupimia uzito wa mwili, nikaiegemeza kwenye pedeli, nikaisukuma kwa mguu. Kilo 26. Kisha nikatenganisha pedeli na masta silinda. Pedeli ikiwa peke yake inatakiwa icheze kwa kidole. Hii ilikuwa inakwama, kwa sababu bushi zake zilipakwa rangi badala ya grisi! Nikazisafisha, nikatia grisi, nikaunganisha tena. Kilo 22.

Halafu nikaiangalia masta silinda mpya waliyofunga. Imeandikwa 3/4, yaani robo tatu ya inchi. Ile ya zamani ilikuwa bado kwenye boksi la vyuma vibovu tulilorudishiwa, nayo imeandikwa 5/8. Hapo ndipo nilipocheka kwa hasira.

Hesabu yake ni ya shule ya upili. Vipenyo hivyo viwili ni kama 6 kwa 5. Eneo la pistoni hufuata mraba wa kipenyo, kwa hiyo ni 36 kwa 25. Silinda kubwa inadai nguvu zaidi kwa asilimia 44 ili kutoa presha ileile. Nikafunga mpya ya 5/8, nikatoa hewa kwenye mafuta, nikapima tena. Kilo 15.

Tahadhari, msikimbilie tu silinda ndogo. Mguu ukipata nafuu, pedeli inalipa kwa safari ndefu zaidi. Ukipunguza kupita kiasi, klachi haitaachia vizuri na gia zitalia. Na ukifunga presha pleti dhaifu ili pedeli iwe laini, klachi itateleza mlimani. Ndiyo maana nasema pima kwanza.

Wapo watakaosema ugumu ndio utamu wa gari la zamani. Sikubali! Madereva wa Safari walikanyaga klachi siku kadhaa mfululizo, kwenye tope na vumbi. Anayeamini walifanya hivyo kwa pedeli ya kilo 26, na ajaribu yeye kutoka Malili hadi Nairobi jioni ya Jumapili.

Hapa kwetu tumesikia maneno makubwa ya teknolojia tangu Rais Kibaki azindue ujenzi wa jiji la Konza Januari 2013. Siyapingi. Ila kwangu teknolojia inaanzia kwa mtu anayekataa "ndivyo ilivyo", awe mbele ya kompyuta au amelala chini ya gari. Kupaka rangi si kufufua gari. Gari lililofufuliwa ni lile ambalo mwenyewe anaweza kuliendesha.

Kwa hiyo ukiambiwa ubadilishe kifaa, uliza swali moja tu: "Fundi, umepima wapi?" Asipokuwa na jibu, funga mfuko wako.

Juzi Baba aliendesha mwenyewe hadi Sultan Hamud na kurudi. Habari ya kuuza gari sijaisikia tena.