Tumwulize Kijana Kuhusu Maktaba
Ndugu wazazi, maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa Novemba 2018, imejengwa kuchukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Hata hivyo, kila muhula uanzapo hutujia mzazi aliyekopa ili mwanawe anunue vitabu. Nasi tumekuwa wepesi wa kuchangisha, wazito wa kuuliza: je, kijana amekwisha kuingia maktaba? Humo huazimwa vitabu, na mkutubi humwelekeza mgeni namna ya kutafuta majarida ya kielektroniki. Lakini wa mwaka wa kwanza huona haya. Basi tumuusie kabla hajaondoka nyumbani: kuuliza si aibu, aibu ni kumtwika mama deni la kitabu kilichopo rafuni.