Mng'ao wa Alumini na Gharama Yake

Katika sehemu za kuoshea magari kando ya barabara kuu za Afrika ya Mashariki, matangi ya mafuta na rimu za alumini husuguliwa hadi mtu aweze kujitazama kama katika kioo. Kupenda usafi si kosa. Kosa ni dhana ya wengi kwamba dawa iliyo kali zaidi ndiyo iliyo bora zaidi.

Alumini isiyopakwa rangi haikai uchi. Mara ikwanguliwapo huungana na oksijeni ya hewa na kujivika utando wa oksidi, ambao unene wake ni sehemu chache tu za milioni ya milimita. Kutu ya chuma humeguka na kuacha chuma kiendelee kulika. Utando wa alumini, kinyume chake, hushikamana na metali na kuilinda. Lakini hauhimili asidi kali wala alkali kali.

Kostiki soda huuyeyusha utando huo, kisha huila alumini yenyewe na kutoa gesi ya hidrojeni. Baadhi ya dawa za kung'arishia zina asidi ya hidrofloriki, ambayo hupenya ngozi na kudhuru hata mifupa. Pengine maumivu yake hayasikiki ila baada ya saa kadhaa. Hivyo kijana aoshaye kwa mikono mitupu huweza kuumia kuliko gari analolitunza. Tajiri wa gari asiyeuliza kilichomo ndani ya chupa hawezi kujitetea kwamba hakujua.

Matunzo yafaayo ni mepesi. Gari lioshwe kwa sabuni isiyo kali na maji yasiyo na chumvi, hasa litokapo pwani, kwa kuwa kloridi ya chumvi hutoboa vishimo katika alumini, kisha likaushwe. Kusugua kwa dawa laini kufanywe mara chache, maana kila msuguo huondoa metali kidogo. Sufi ya chuma isitumike: chembe zake hubaki juu ya alumini, na zikilowa huiharakisha kulika. Nta nyembamba huchelewesha mng'ao kufifia.

Walimu wa kemia wanaweza kulionyesha jambo hili darasani. Karatasi ya alumini ikitiwa katika maji ya moto yenye magadi ya kufulia, viputo hutokea na mng'ao hupotea. Jaribio lifanywe na mwalimu mwenyewe, madirisha yakiwa wazi. Mwanafunzi aliyeyaona hayo huenda kesho akawa fundi au tajiri wa gari, naye atauliza kilichomo ndani ya chupa kabla ya kumkabidhi mwenzake.