Safari ya Mlimani Ipangwe kwa Malalo

Tumewasikia wanachama wenzetu wakishauriana juu ya kupanda Kilimanjaro wakati wa likizo, na neno litajwalo zaidi ni kilele. Nasi twaona kuwa kilele ni jambo la mwisho kufikiriwa. La kwanza ni hili: kila usiku watu watalala wapi, na juu kiasi gani?

Njia ya Marangu ndiyo peke yake yenye vibanda vya kulala wapandaji. Mandara ni yapata mita 2,720 juu ya bahari, Horombo 3,720, na Kibo 4,720. Karani yeyote aweza kutoa hesabu hiyo: kila kituo chapandisha mtu mita 1,000, na mwili wa binadamu hauzoei upesi hivyo. Wako wapendao kumaliza safari kwa siku 5 ili kupunguza gharama. Hatukubaliani nao. Usiku wa pili Horombo si uvivu. Maana atapikaye na kupepesuka huko juu haponi kwa ushujaa, ila kwa kuteremshwa mara moja. Tena kutoka Horombo kwenda Kibo ni uwanda mkavu wa upepo, na maji hubebwa.

Njia ya Machame husifiwa kwa uzuri, wala hatubishi. Hupanda hadi Lava Tower, kisha hushuka kulala Barranco, na desturi hiyo yafaa sana mwili. Lakini huko hulalwa hemani. Hapa ndipo twauliza swali lisiloulizwa na wengi: wapagazi je? Katika safari nyingine hulala katika hema la chakula, nao hungoja nje katika baridi mpaka wageni wamalize kula. Safari ya namna hiyo si rahisi hata kidogo. Gharama yake imelipwa na mpagazi. Na kwa kuwa sheria ya hifadhi yamruhusu kila mmoja kubeba kilo 20 tu, hema lao huenda likataka mtu wa ziada. Naalipwe!

Kwa hiyo twaiomba kamati, kabla ya kupokea hata shilingi moja, ibandike karatasi yenye jina la kila lalo, urefu wake, yatokako maji, na hesabu ya mahema, ya wapagazi yakiandikwa kwanza. Tarehe nayo isiwe ya Aprili, hata ikiwa likizo imeangukia hapo, kwani ni masika, na hema lililolowa msituni halikauki kule juu.